Boila ya mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi, na dumu moja kutoka Ganze

Wakuu, salaam kwenu nyote, mabingwa wa humu pamoja na sisi tunaosoma kimyakimya na kuondoka bila hata kuacha like.

Leo nimejitokeza kwa sababu kuna jambo nililishuhudia, na kila nikilisimulia kijiweni naambiwa naongeza chumvi. Siongezi. Picha sina, maana mambo yalipokuwa yakitokea simu ilikuwa mfukoni na nyusi zangu zilikuwa zikiungua. Zimeota tena, ila ya kushoto bado ina pengo. Anayebisha aje Malindi aikague.

Vuteni viti basi.

Mimi ni fundi wa boila. Kwa wasiojua, boila ni pipa la chuma nene la kuchemshia maji hadi yatoe mvuke wenye nguvu. Mahoteli ya huku Pwani hutumia mvuke huo kufulia na kupiga pasi mashuka, na mtambo ukigoma ndiyo mimi naitwa. Nimezoea sabuni na mashuka. Sikuwahi kuwaza kwamba siku moja nitaitwa kwa kazi ya maua.

Aliyeniita ni mama mmoja wa Matsangoni, tumwite Bi Zena. Asili yao ni visiwa vya kaskazini, watu wa ubani na halua, wanaokukaribisha kwa Kiswahili kilichonyooka hadi unaona haya kufungua mdomo. Marehemu mumewe alimwachia shamba la milangilangi, miti ya maua yanayonukia sana, na mtambo mdogo wa kukeneka marashi.

Kukeneka ni hivi. Unajaza maua kwenye chungu kikubwa cha chuma, unapitisha mvuke wa boila katikati yake, mvuke unabeba harufu, kisha unapita kwenye bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi. Ukipoa unarudi kuwa maji, na juu ya maji hayo panaelea mafuta ya langilangi. Kidogo sana, wakuu. Magunia ya maua, halafu unapata kichupa.

Siku ya kwanza Bi Zena alinipa kahawa, akanionyesha boila, akasema, "Fundi, mtambo wangu mzima. Kilichokufa ni kuni."

Kuni zake zilikuwa zikitoka bara, upande wa Ganze. Aliyezileta ni mwanamke wa huko, jina lake Kadzo. Siku za kazi Kadzo huosha masufuria kwenye jiko la hoteli moja pale Bofa, na mwisho wa wiki hurudi kwao Ganze kwa wanawe. Kuni alikuwa akizikusanya huko na kuzishusha kwa pickup. Hadi siku aliyomwambia Bi Zena kwamba moyo wake umechoka na kazi hiyo, kwa sababu miti imekwisha na sasa watu wanachimba visiki.

Bi Zena akaapa hachomi tena mti. Kiapo kizuri, ila langilangi haikeneki kwa dua peke yake.

Ni Kadzo huyohuyo aliyesema kwamba hotelini kwao hubaki mafuta yaliyokaanga chipsi na samaki hadi yakawa meusi, na mpishi hajui ayatupe wapi. Si yanawaka? Basi.

Kuyafanya yawake ndani ya boila bila kutuua ndiyo kazi niliyoitiwa.

Ila kuna mtu lazima mumjue mapema. Bi Zena ana ndugu yake mdogo, Athmani, nyumba yake inapakana na banda la mtambo. Banda ni la makuti, na nyumba ya Athmani ni ya makuti. Mnaelewa sasa kwa nini hakuupenda mpango huu hata chembe. Alisema mbele yangu, "Dada, siku utakapounguza hapa hata ukuti mmoja, mtambo tunaufunga, na milangilangi tunaikata tupande kitu kisichotaka moto."

Bi Zena akalikubali sharti. Akaniangalia mimi. Mama hakujaliwa mtoto, ile milangilangi ndiyo anayoamka nayo na kulala nayo.

Nikaanza kazi. Bana, yaani kichomeo cha mafuta, niliichomelea mwenyewe. Juu nikaweka tenki dogo la kupashia mafuta moto, maana mafuta ya kukaangia ni mazito, yakiwa baridi hayatiririki. Kutoka hapo yanateremka kwa bomba jembamba na kudondokea kwenye kikombe cha chuma kilichokwisha kuwa chekundu kwa moto, na feni inapuliza hewa kutoka ubavuni. Hakuna uchawi. Video za mtandaoni zimejaa, ila nusu yake zitakupeleka kaburini.

Siku ya kuwasha, Athmani alisimama pembeni na ndoo ya mchanga. Bi Zena alijiziba pua kwa mtandio. Bana ikaanza kwa kukohoa moshi mweusi, mzito, ukapanda kwenye makuti, na nikamwona Athmani akivuta pumzi tayari kusema alichotaka kusema.

Nikaongeza hewa kidogo.

Moshi ukakatika. Kikombe kikaanza kunguruma, na moto ukasimama, wa manjano safi, ukizunguka taratibu bila masizi.

Wakuu, mimi nimekaa na moto miaka mingi. Nimeona wa dizeli, wa gesi, wa makaa. Ule ulinipigisha magoti. Mafuta ambayo jana yake yalikuwa yakinuka samaki ndani ya dumu, kitu ambacho hata nguruwe angekikataa, yalikuwa yakiwaka mbele yangu hadi huwezi kuyatazama kwa macho makavu. Nilikaa pale nimesahau kabisa kuangalia geji ya presha.

"Subhanallah," Bi Zena alisema nyuma yangu. "Kumbe uchafu nao una nuru."

Athmani akaweka ndoo chini, lakini hakwenda mbali nayo.

Na harufu sasa! Upande wa bomba la moshi panatoka harufu ya chipsi, upande wa pili panadondoka langilangi. Paka wote wa Matsangoni walihamia kwetu. Watu wakapita kuuliza mkahawa unafunguliwa lini. Tone la kwanza la mafuta ya langilangi lilipoelea kwenye chupa, Bi Zena alilichota kwa ncha ya kidole, akanipaka nyuma ya kiganja. Nilirudi Malindi jioni ile nikinukia kama bwana harusi, na nikahojiwa vilivyo na mke wangu.

Mambo yakaenda hivyo, vizuri kabisa, muda mrefu. Kadzo anakusanya mafuta Bofa, kila Jumatatu pickup inayashusha Matsangoni kwa madumu, na Jumanne, kabla ya zamu yake ya jioni, anakuja mwenyewe kuchukua madumu matupu. Madumu yale ya manjano mnayajua, yamekwisha kupoteza vifuniko zamani. Kadzo huyaziba kwa magunzi ya mahindi.

Mafuta yakifika, hayaendi motoni siku hiyohiyo. Lazima yatulie kwenye pipa, maji na makombo yashuke chini, nifungue koki ya chini nivimwage. Hii si kanuni ya mapambo. Maji yakiingia chini ya mafuta ya moto hayachemki polepole kama chai. Yanageuka mvuke ghafla, na yanaondoka na kila kilicho juu yake. Mama yeyote anayekaanga bajia anajua tone moja la maji hufanya nini kwenye karai. Sasa fikiria ndoo nzima.

Nilijua hayo yote. Kumbukeni nilijua.

Ikafika Jumatatu moja, msimu wa maua umepamba moto. Milangilangi ilichanua kwa fujo, wachumaji walianza alfajiri, na ua la langilangi halingoji. Likichumwa asubuhi likalala, harufu inageuka kuwa kitu kingine. Tulijaza chungu hadi juu, zaidi ya kawaida.

Adhuhuri imepita, kazi iko katikati, pipa langu la mafuta yaliyotulia likaisha.

Nikizima moto, maua yote ya siku ile yamekwenda. Bi Zena alikuwa upande wa pili amekaa kwenye kiti chake kidogo, amekumbatia chupa ya kukingia marashi kama mtu anayelea. Pickup ilikuwa imetoka kushusha madumu muda uleule. Nikajiambia, leo tu. Mafuta ya hotelini huwa hayana maji mengi. Leo tu.

Nikashika dumu la karibu. Lenyewe halikuwa na gunzi, lilizibwa kwa fungu la majani mabichi. Nikadhani gunzi limeanguka njiani na dereva kachuma majani akaziba. Nikayachomoa, nikalipindua dumu juu ya faneli ya tenki, nikaliacha limiminike lenyewe, nikageuka kurekebisha feni.

Nilisikia tenki likilia. Sauti nyembamba, kama sufuria inayotaka kufurika.

Nikaruka, nikalivuta dumu kutoka kwenye faneli, nikalirusha ukutani. Nikafunga bomba la mafuta. Nikafungua valvu ya mvuke ili boila ipumue. Hayo matatu niliyafanya bila kufikiri, mikono ilikwenda yenyewe, na naamini ndiyo sababu leo naandika uzi.

Kisha tenki likanyanyua kifuniko chake.

Sijui niwaelezeje. Lilitoka wingu jeupe, na ndani ya wingu mna mafuta, na mafuta yakakutana na moto wa bana. Nguzo ya moto ikasimama kutoka kwenye tenki hadi darini. Joto lilinisukuma nikakaa chini. Kwa kitambo kidogo hapakuwa na sauti nyingine duniani. Niliogopa, ndiyo, lakini Mungu anisamehe, nilistaajabu pia. Maji! Kitu tunachoogea! Yalinyanyuka yakawa mnyama.

Makuti yakashika.

Athmani alikuja mbio na mchanga, wachumaji wakaja na mchanga, nami nikapiga kelele hakuna kumwaga maji, hakuna kumwaga maji! Tukauzika moto wa tenki. Upande mmoja wa paa tukauvuta chini kwa ndoana na kuukanyaga. Nyumba ya Athmani ilipona.

Bi Zena hakutoka kwenye kiti chake. Moto ulipokwisha tulimkuta amejifunika na mtandio, yeye na chupa. Mtandio umejaa majivu. Ndani ya chupa haikuingia hata chembe.

Ndipo Athmani akaliendea lile dumu nililolirusha. Lilikuwa limelala kwa ubavu, limebaki na kitu kidogo ndani. Akaliinamisha juu ya kiganja chake.

Yakatoka maji. Maangavu kabisa.

"Tizama," alimwambia dada yake. "Mwanamke wako wa Ganze. Twamlipa kwa kila dumu, naye atujazia maji. Angetuua kwa ajili ya dumu moja."

Maji yalikuwa pale kiganjani, kila mtu anayaona. Athmani akalisimamisha lile dumu kando ya mlango wa banda, mahali pa wazi, akasema lisiguswe hadi mwenyewe aje. Akaongeza kwamba sharti ni sharti. Mtambo umefungwa, na Kadzo asikanyage tena hapa baada ya kuambiwa mbele ya watu yeye ni nani.

Wakuu, sikulala. Nilimjua Kadzo. Mwizi hana macho yale. Lakini maji nayo nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu.

Kesho yake ilikuwa Jumanne, siku ya Kadzo kuja kuchukua madumu matupu. Tulikuwa watatu barazani, Bi Zena, Athmani na mimi. Athmani alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi, nilimwona midomo ikicheza.

Kadzo akaja kwa njia ya shambani, kwa hiyo banda lilikuwa nyuma ya nyumba, hajaliona. Alikuwa amevaa leso mpya. Akapiga hodi, akamshika Bi Zena mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Na kabla Athmani hajafungua mdomo, Kadzo akatabasamu, akauliza, "Maji mliyapata?"

Nilimwangalia Athmani. Midomo ilikuwa imesimama.

"Maji yapi, mwanangu?" Bi Zena aliuliza polepole.

"Yale ya kwenye dumu. Nimeyaziba kwa majani, si gunzi, nikajua mtaona." Akatuangalia mmoja mmoja. "Juma lililopita hoteli haikuwa na wageni, mafuta yakawa machache. Likabaki dumu moja tupu. Nami dumu la mtu nitalirudishaje tupu, mama? Kwetu ni aibu. Nikaenda nalo nyumbani, nikalisugua kwa jivu na mchanga hadi likaacha kunuka, nikalitia maji ya mvua, likaja na pickup pamoja na yale ya mafuta. Ya bati la kanisa, tulikinga mvua ile ya juzi. Siku ile nilipokunywa chai hapa niliona maji ya kisima chenu yana chumvi, nikasema nikipata maji matamu nitamletea mama."

Kwa wasiojua Ganze, wakuu. Huko mwanamke anatoka na dumu kukiwa giza na anarudi jua limesimama. Huko mgeni hapewi maji hivi hivi kama sisi wa mjini tunavyofungua bomba. Na huko dumu au ndoo ya maji hutiwa majani mabichi ili yasimwagike njiani. Mtoto mdogo wa Ganze angeliona lile dumu angejua kuna maji. Mimi mtu wa Malindi niliona majani tu.

Kadzo si mjinga. Akaniangalia usoni, mahali zilipokuwa nyusi. Akanusa. Akazunguka nyumba mwenyewe.

Tulimfuata. Alisimama mbele ya paa lililoungua, mbele ya tenki lililopasuka, na nikaona anayahesabu mambo kichwani. Anaosha masufuria ya kukaangia kila siku, hakuhitaji kuelezwa. Nilingoja apige kelele, au alie, au aombe radhi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kosa ni langu.

"Mliyatia motoni?" aliuliza.

"Mimi ndiye," nikasema. "Sikujua."

"Yote?"

Akamgeukia Bi Zena. Sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Mama, hamkuonja hata kidogo?"

Sisi tulikuwa tunalilia paa. Yeye alikuwa analilia maji.

Bi Zena akaenda kwenye mlango wa banda. Dumu lilikuwa palepale Athmani alipoliweka kama ushahidi. Akaita aletewe kikombe, kile cha kaure anachotolea wageni. Akalinyanyua dumu mwenyewe, akamimina kidogo kilichobaki, akaketi chini kwenye kizingiti, akasema bismillah, akanywa.

Akafumba macho.

"Matamu," alisema. "Wallahi matamu, mwanangu."

Akanipa mimi, nikanywa. Kisha akamnyooshea ndugu yake kikombe bila kumwangalia. Athmani akakipokea kwa mikono miwili. Akanywa, akakiangalia ndani, akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya jana.

"Na watoto wako, Kadzo? Uliwaachia kiasi gani?"

"Wao wanywa ya silanga," Kadzo alisema. "Wamezoea."

Silanga ni bwawa la kuchimbwa, wakuu. Ng'ombe nao hunywa humo.

Athmani aliingia nyumbani kwake, na tulidhani amekasirika. Wiki ileile yeye ndiye aliyekuja na makuti, na yeye ndiye aliyepanda juu kuyafunga. Kuhusu sharti lake hakuna aliyemkumbusha, naye hakujikumbusha. Pickup siku hizi ikipanda Ganze kumpeleka Kadzo mwisho wa wiki haipandi mikono mitupu, na anayeipakia ni Athmani. Amekataa katakata tuulize ndani mna nini.

Mtambo unafanya kazi. Tenki la kupashia mafuta nimelihamishia nje, nyuma ya ukuta wa mawe, na lina koki yake ya chini. Hakuna dumu linaloingia kabla halijatulia, hata maua yaoze yote.

Kiufundi somo ni hilo na mafundi wenzangu mlichukue kama lilivyo. Lakini lililonikaa mimi ni jingine. Nilifikiri nimeona maajabu siku ule moto wa chipsi uliponipigisha magoti. Sikuwa nimeona kitu. Mtu asiye na maji alimpa maji mtu mwenye kisima, akafurahi, akavaa leso mpya kuja kuuliza kama yamefika. Na sisi tulikuwa tumeshamhukumu kabla hajapiga hodi.

Mwenye swali la bana, hewa au kuchuja mafuta aulize, nitajibu ninachokijua. Na wale wa bara, wa visiwani, wa kila upande, nataka kusikia kutoka kwenu: chombo cha jirani kikilala kwenu, mnakirudisha na nini?